Kutoka Denver hadi Salt Lake City: upite I-80 ya Wyoming au I-70 ya milimani?

Wasemaji wa Kiswahili wako Denver na Aurora, na wengine wamehamia Salt Lake City, hasa familia zilizotoka Kongo na Burundi. Kwa hiyo swali la njia huulizwa kila mara mtu anapojiandaa kwenda kwenye harusi, kwenye msiba au kumpelekea ndugu vyombo vyake vya nyumbani. Ramani ya simu haimsaidii sana, kwa sababu inamwonyesha njia mbili zenye urefu unaokaribiana, kila moja kati ya maili 520 na 540, yaani takriban kilomita 840 hadi 870, na muda wa karibu saa nane bila kuhesabu mapumziko. Ya kwanza inapanda kaskazini hadi Wyoming na kufuata I-80 kuelekea magharibi (herufi I ni Interstate, yaani barabara kuu inayounganisha majimbo). Ya pili inakata Milima ya Rocky kwa I-70, inaingia Utah, kisha inaiacha I-70 na kushika barabara ya US 6 hadi I-15. Nimeendesha zote mbili, kiangazi na majira ya baridi, na ninaamini kuwa tofauti ya dakika kumi au ishirini inayoonekana kwenye simu ndiyo jambo dogo kuliko yote ya kuzingatia.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo matano. La kwanza ni barabara yenyewe: mwinuko, miteremko, kona na idadi ya leni. La pili ni hali ya hewa, pamoja na namna njia inavyofungwa hewa ikichafuka. La tatu ni vibao na eksiti, yaani njia za kutokea barabara kuu, kwa maana ya wapi dereva mgeni anaweza kupotea na kupotea huko kutamgharimu nini. La nne ni mafuta, chakula na mahali pa kupumzika. La tano ni msongamano na gharama. Uzuri wa mandhari sikuufanya kigezo, ingawa najua wapo wanaoichagua I-70 kwa sababu hiyo peke yake, na siwalaumu.

Namba za eksiti zinavyosomwa

Sehemu hii inahusu njia zote mbili, na ndiyo inayowafaa zaidi wanaosafiri umbali huu kwa mara ya kwanza. Katika mfumo huu wa barabara kuu, uliopata sheria yake mwaka 1956 wakati wa Rais Eisenhower, namba shufwa ni za barabara zinazokwenda mashariki na magharibi, kama I-70 na I-80, na namba witiri ni za zile zinazokwenda kaskazini na kusini, kama I-25 na I-15. Huko Colorado, Wyoming na Utah eksiti hazihesabiwi moja, mbili, tatu. Namba ya eksiti ni maili, na maili huanza kuhesabiwa kwenye mpaka wa magharibi wa jimbo, au wa kusini ikiwa barabara inakwenda kaskazini.

Faida yake ni kubwa. Dereva anayeelekea magharibi akipita Rawlins kwenye eksiti ya 211, na anajua kuwa Rock Springs inaanzia eksiti ya 107, anatoa tu na kupata maili 104, kisha anaangalia kipimo chake cha mafuta na kuamua. Namba zinaendelea kupungua hadi sifuri mpakani, halafu zinaruka: ukitoka Wyoming kwa I-80 unaingia Utah kwenye maili ya karibu 196, na ukitoka Colorado kwa I-70 unaingia Utah kwenye maili zaidi ya 230. Mgeni akiona namba zimepanda ghafla hudhani amepotea, kumbe amebadilisha jimbo tu.

Kuna alama mbili zaidi ambazo ningependa kila msafiri azijue kabla hajawasha gari. Kile kibao kidogo chenye namba ya eksiti, kinachokaa juu ya kibao kikubwa cha kijani, kikiwa upande wa kulia basi utatokea kulia, na kikiwa upande wa kushoto utatokea kushoto, kwa hiyo unaweza kujipanga mapema badala ya kukata leni tatu dakika ya mwisho. Na sehemu ya chini ya kibao cha kijani ikiwa na rangi ya manjano na maandishi meusi, leni iliyo chini yake haiendelei: itakutoa barabarani utake usitake. Vibao vya buluu huonyesha mafuta, chakula na malazi kwenye eksiti inayofuata, vya kahawia huonyesha hifadhi na sehemu za kutembelea, na vya rangi ya chungwa vinakuambia kuwa mbele kuna matengenezo.

I-80 kupitia Wyoming

Barabara yenyewe. Unatoka Denver kwa I-25 kuelekea kaskazini, na hapa namba zinapanda. Kuna njia mbili za kuifikia I-80. Wengine hutoka kwenye eksiti ya 269 pale Fort Collins na kufuata US 287 hadi Laramie, njia fupi zaidi lakini yenye sehemu ndefu za leni moja kila upande. Wengine huendelea hadi Cheyenne, ambako I-25 inakutana na I-80 kwenye eksiti ya 359 ya I-80, kisha hupanda Sherman Summit, mahali pa juu kuliko pote kwenye I-80 nzima, futi 8,640, yaani mita 2,633. Baada ya Laramie barabara imenyooka, leni mbili kila upande, na kwa sehemu kubwa kasi inayoruhusiwa ni maili 75 kwa saa au zaidi. Miteremko mikali ni michache, na gari lenye injini ndogo haliteseki sana.

Hali ya hewa. Hapa ndipo I-80 inapodai heshima. Kati ya Laramie na Rawlins, hasa karibu na Arlington kwenye eksiti ya 272 na Elk Mountain kwenye eksiti ya 255, upepo huvuma kutoka milimani kwa nguvu zisizozoeleka, na wakati wa baridi si jambo la ajabu kukuta msukumo wa ghafla unaozidi maili 60 kwa saa, karibu kilomita 100. Sehemu hii ilifunguliwa Oktoba 1970, baada ya wenyeji kuonya kwamba barabara ya zamani ya US 30, inayozunguka kaskazini kupitia Medicine Bow, ilipita huko kwa sababu, na siku chache tu baada ya kufunguliwa ikafungwa kwa dhoruba ya theluji. Tangu mwaka 1971 zimejengwa nyuzio ndefu za mbao za kukinga theluji, ambazo utaziona zimepangwa uwandani upande ule unaotoka upepo, na tangu mwaka 2009 kuna vibao vya umeme vinavyobadilisha kasi inayoruhusiwa kulingana na hali. Hata hivyo upepo hauzuiwi na uzio. Trela tupu na magari marefu ya kuhamishia vyombo hupinduliwa.

Wyoming huifunga barabara kwa mageti halisi, kama ya reli, yanayoshushwa penye miji. Kabla ya geti kuna kibao chenye taa kinachosema kuwa taa zikiwaka njia imefungwa na urudi mjini, na kulikaidi geti hilo ni kosa lenye faini au kifungo. Mwezi wa Machi mmoja nililala Rawlins usiku mbili kwa sababu hiyo, pamoja na madereva wa malori waliojaza kila hoteli na kila uwanja wa maegesho. Jua lilikuwa linawaka mjini, na nilisikitika sana mpaka mzee mmoja dereva alipoeleza kuwa theluji haikuwa inaanguka kutoka mawinguni bali ilikuwa inapeperushwa kutoka chini, kwa hiyo mtu anaweza kuona mbingu ya buluu juu asiione pua ya gari lake mwenyewe. Tangu siku hiyo siamui tena kwa kutazama mbingu.

Vibao na eksiti. Njia hii ni rahisi kuisoma. Ukishaingia I-80 huiachi hadi Salt Lake City, na ukikosa eksiti ya mji mmoja, hasara ni mafuta na dakika chache. Tahadhari moja: karibu na eksiti ya 168 ndani ya Utah, pale Echo, I-84 inachepuka kwenda Ogden, na anayesinzia anaweza kuifuata. Baada ya hapo unapita Park City na kushuka bonde la Parleys, ambalo ndilo mteremko wa kweli wa njia hii, na unakutokeza mjini moja kwa moja.

Mafuta, chakula na mapumziko. Miji imeachana sana lakini inatosha kwa anayepanga: Laramie, Rawlins, Wamsutter kwenye eksiti ya 173, Rock Springs, Little America kwenye eksiti ya 68 ambayo ni kama mji mzima uliojengwa kwa ajili ya wasafiri, na Evanston karibu na mpaka. Kati ya Laramie na Rawlins kuna takriban maili 100 zenye huduma kidogo mno. Kituo cha mapumziko cha eksiti ya 323, penye sanamu kubwa ya kichwa cha Lincoln, kinafaa watoto wanyooshe miguu.

Msongamano na gharama. Hakuna ushuru wa barabara Wyoming. Foleni za magari madogo ni nadra, ila malori ni mengi mno, na dereva anayeogopa kupitana na trela wakati wa upepo atachoka mapema.

Inamfaa nani. Dereva asiyezoea milima, gari zee lenye injini ndogo, anayesafiri kati ya Juni na Septemba, na anayetaka barabara isiyomtaka afikirie eksiti. Haimfai mwenye trela nyepesi siku ya upepo, hata kama hakuna theluji.

I-70 na US 6 kupitia milimani

Barabara yenyewe. Ni kazi kubwa ya uhandisi na ni njia inayomtaka dereva awe macho kila dakika. Kutoka Denver unapanda moja kwa moja, ukipita Idaho Springs na Georgetown, hadi handaki la Eisenhower na Johnson, lililo kwenye futi 11,158, sawa na mita 3,401. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, huo ni mwinuko ulio kati ya vibanda vya Mandara na Horombo, na baadhi ya watu huumwa kichwa hapo. Urefu wa handaki ni karibu maili 1.7. Ukitoka upande wa pili unateremka maili nane hadi Silverthorne, mteremko unaofikia asilimia 7, kisha unapanda tena Vail Pass, zaidi ya mita 3,200.

Anayeujua mlima wa Kitonga, barabara ya Morogoro kwenda Iringa, anajua somo la hapa: gia ndogo kabla ya kushuka, si katikati, na breki zisikanyagwe mfululizo. Kando ya barabara zipo njia za dharura za kusimamishia malori yaliyokatika breki, zenye changarawe nzito inayozamisha magurudumu. Wanaorudi Denver wataona vibao vya manjano vinavyowaonya madereva wa malori wasidhani mteremko umekwisha, na vibao hivyo havikuwekwa kwa mapambo: mwezi Aprili 2019 lori lililopoteza breki liliwagonga waliokuwa kwenye foleni chini ya mteremko huo, huko Lakewood, na watu wanne wakafariki.

Baada ya Vail njia inaingia bonde la Glenwood, maili 12 na nusu za barabara iliyojengwa kwa madaraja na mahandaki juu ya mto Colorado na kukamilika mwaka 1992. Kasi inayoruhusiwa humo ni ndogo na kona ni nyingi. Kisha nchi inafunguka kuwa jangwa hadi Utah. Sehemu ya US 6, takriban maili 125, ina vipande vya leni moja kila upande na inapanda Soldier Summit kwenye futi 7,477. Usiku na mvua, mimi huona kipande hicho kigumu kuliko handaki.

Hali ya hewa. Theluji huanguka zaidi lakini upepo ni mdogo, na barabara husafishwa kwa haraka. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, gari dogo linalopita kati ya Morrison, eksiti ya 259, na Dotsero, eksiti ya 133, linatakiwa kisheria liwe na tairi zinazofaa zenye kashata (meno ya tairi) ya kutosha au liwe na cheni, na anayefunga njia kwa tairi vipara anaweza kulipa zaidi ya dola 650. Malori yanatakiwa kubeba cheni muda huo wote. Kiangazi nacho kina hatari yake: bonde la Glenwood lilifungwa kwa wiki mbili Agosti 2020 kwa moto wa msituni, na mwaka uliofuata, kuanzia mwisho wa Julai, maporomoko ya udongo kutoka kwenye mlima ule ule ulioungua yaliifunga tena kwa wiki mbili. Bonde likifungwa hakuna njia ya karibu. Mzunguko rasmi unaanzia Silverthorne, eksiti ya 205, kupitia Steamboat Springs na Craig, na kurudi I-70 pale Rifle, eksiti ya 90.

Vibao na eksiti. Vibao vya Colorado ni vizuri na vingi, na ndani ya bonde kuna hata eksiti ya 119 ambayo jina lake kwenye kibao ni No Name. Lakini eksiti moja nataka uiandike kwenye karatasi na kuibandika mbele yako: 157, ndani ya Utah, maili chache baada ya mji wa Green River. Hapo ndipo unapoiacha I-70 na kushika US 6 kwenda Price na Salt Lake City. Ukiipita, barabara inaendelea kwenda Salina, zaidi ya maili 100 bila kituo cha mafuta, na kibao kinakuambia hivyo waziwazi. Mahali pa kugeuzia ni eksiti ya 149, kwa hiyo geuka hapo bila aibu.

Jambo jingine linalowachanganya watu: kuna Green River mbili. Moja iko Wyoming kwenye I-80, penye mahandaki pacha ambayo yalifungwa baada ya ajali na moto Februari 2025, na nyingine iko Utah kwenye I-70. Ni mto mmoja unaopita kote. Ukisikia taarifa kuwa njia imefungwa Green River, uliza kwanza ni jimbo gani, na ukiandika jina hilo kwenye simu, hakikisha umeandika na jimbo.

Mafuta, chakula na mapumziko. Hadi Grand Junction na Fruita, eksiti ya 19, huduma ni nyingi kuliko I-80. Kutoka Fruita hadi Green River ni karibu maili 85 zenye vituo vichache sana, na kutoka hapo hadi Price kuna kipande kingine kirefu cha jangwa. Jaza mafuta Fruita na Green River hata kama tangi halijapungua sana.

Msongamano na gharama. Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi wakati wa baridi, Denver yote hupanda kwenda kuteleza kwenye theluji, na Jumapili alasiri hurudi. Saa moja inaweza kuwa tatu. Kati ya Empire na Idaho Springs kuna leni ya kulipia inayofunguliwa siku za foleni. Ushuru wake husomwa na kamera, na si lazima kuitumia. Mwishoni, I-15 kupitia Provo na Lehi huwa na foleni ya watu wa kazini asubuhi na jioni.

Inamfaa nani. Dereva aliyezoea milima mwenye breki na tairi nzuri, familia inayotaka miji ya kusimama mara kwa mara katika nusu ya kwanza ya safari, na anayesafiri siku ambayo Wyoming ina upepo. Lori lenye mizigo ya hatari halipiti handakini isipokuwa kwa utaratibu maalumu, na kwa kawaida hupanda Loveland Pass, karibu futi 12,000, jambo ambalo dereva mpya wa lori asilikubali bila kujiandaa.

Kwa hali yako

Ukisafiri katikati ya wiki mwezi wa Julai, na gari ni zima, chagua unavyopenda, lakini tazama kama kuna tahadhari ya mafuriko bonde la Glenwood.

Ukihamisha vyombo kwa lori la kukodi lenye boksi refu, angalia upepo wa Elk Mountain kwanza. Ukiwa mkali, ni heri uvumilie kupanda taratibu kwa I-70, au uahirishe siku moja. Ukiwa mtulivu, I-80 itazitunza breki za gari ambalo hulijui.

Ukienda msibani na ni Januari, usiamue usiku wa kuamkia safari. Fungua programu za idara za barabara za majimbo husika, COtrip kwa Colorado, ile ya WYDOT kwa Wyoming na UDOT Traffic kwa Utah, saa ile ile unayotaka kuondoka. Njia moja ikiwa imefungwa, nyingine mara nyingi iko wazi, kwa kuwa dhoruba ya upepo ya Wyoming na theluji ya milimani haziji kila mara pamoja.

Dereva mpya, au aliye peke yake na atakayemalizia safari usiku, ningemshauri I-80 kiangazi, kwa sababu haimwachi kwenye barabara ya leni moja gizani. Wakati wa baridi ningemshauri dereva huyo huyo asiendeshe usiku kwa njia yoyote kati ya hizi, alale Rawlins au Grand Junction na kuendelea asubuhi.

Uamuzi wenyewe hufanyika mahali pamoja ndani ya Denver, pale I-25 na I-70 zinapokutana, eksiti ya 274 kwa anayekuja na I-70. Ukishapita hapo, kubadili mawazo kunakugharimu saa nzima au zaidi, kwa hiyo simama kwenye kituo cha mafuta kabla ya makutano hayo, soma taarifa za barabara kwa mara ya mwisho, halafu ndipo ushike leni yako.